Kuongeza kasi ya prosesa kupitia BIOS: kinachopatikana, kinachogharimiwa na pa kuanzia

Kompyuta ya mezani inapoanza kuelemewa na kazi, mwenye nayo ana njia tatu: kununua nyingine, kuvumilia, au kuitaka ile aliyo nayo itoe zaidi ya kile ilichoahidiwa kutoa. Njia hiyo ya tatu mafundi huiita ovaklokingi, yaani kuiamuru prosesa ifanye kazi kwa kasi inayozidi kiwango kilichopangwa kiwandani. Haidai fedha yoyote mwanzoni. Mipangilio yake imo ndani ya BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, ambayo huamka kabla ya Windows au Linux na kuviandaa vifaa vyote vya kompyuta.

Katika miji ya ukanda wa Maziwa Makuu, ambako kompyuta nyingi za mezani hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, njia hii ina mvuto wa pekee. Kwa studio ndogo inayohariri video za harusi, au kwa mchoraji wa ramani za majengo, dakika kumi zinazookolewa katika kila kazi ni fedha. Lakini mashine hiyo hiyo ndiyo mtaji wa kazi. Ikifa, kazi imesimama. Na ikiwa haifi bali inakosea kimyakimya, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi.

Kasi hutoka wapi

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa ngoma inayowaongoza wapiga makasia: kila pigo moja, hatua moja. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Ya kwanza ni mapigo ya msingi yanayotolewa na ubao mama, ambayo katika kompyuta za leo ni megahezi 100. Ya pili huitwa kizidishi. Prosesa yenye kizidishi cha 34 hupiga mara 34 ya 100, yaani megahezi 3,400, au gigahezi 3.4. Mwenye ruhusa ya kubadilisha kizidishi kutoka 34 hadi 38 amepata gigahezi 3.8, almuradi prosesa iweze kuufuata mwendo huo.

Kwa nini basi kiwanda hakikuiuza ikiwa na gigahezi 3.8 tangu mwanzo? Vipande vinavyokatwa kutoka sahani moja ya silikoni havilingani. Kimoja huhimili mwendo wa juu kwa umeme mdogo, jirani yake huchoka mapema. Kiwanda huvipima, huvipanga kwa madaraja, kisha hubakiza akiba ya usalama ili hata kipande dhaifu katika daraja lake, ndani ya chumba chenye joto, chini ya feni ya bei nafuu, baada ya miaka kadhaa ya matumizi, kiendelee kutoa majibu sahihi. Anayeongeza kasi hazalishi nguvu mpya. Anaila akiba hiyo.

Wakati mwingine akiba ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A. Kizidishi chake kilikuwa 4.5 na mapigo ya msingi megahezi 66, jumla 300. Wapenzi wa kompyuta waligundua kuwa nyingi kati ya hizo zilikubali mapigo ya msingi ya megahezi 100, na prosesa iliyonunuliwa kama ya 300 ikafanya kazi kwa 450, ikishindana na prosesa zilizouzwa kwa bei ya mbali kabisa. Sifa ya ovaklokingi kama uchawi wa mtu asiye na fedha ilikomazwa na kisa hicho, na mpaka leo wengi husimulia kana kwamba kila prosesa ni Celeron 300A.

Sivyo. Tangu mwaka 2008 Intel imekuwa ikiweka ndani ya prosesa zake za mezani utaratibu wa kujipandishia kasi zenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu, na AMD nayo imeufanya kuwa sehemu ya kawaida. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya akiba iliyokuwa ikisubiri mtumiaji mjanja sasa huliwa na prosesa yenyewe, kila siku, bila kuombwa. Ryzen 5 2600 iliyotoka mwaka 2018 imeandikwa gigahezi 3.4 lakini hujipandisha hadi 3.9 inapofanya kazi nyepesi. Ryzen 5 3600 ya mwaka uliofuata hufika 4.2 peke yake, na watu wengi walioijaribu kwa mkono hawakuweza kuitoa hapo kwa umbali wowote wa kutajika.

Je, mlango upo?

Swali la kwanza la anayeanza si kiasi gani, bali kama mashine yake inaruhusu kabisa. Kwa upande wa Intel, prosesa zenye kizidishi kilicho wazi hutambulika kwa herufi K mwishoni mwa jina, kama Core i5-2500K ya mwaka 2011, na huhitaji ubao mama wa daraja linaloanza na Z, au P67 kwa kizazi hicho cha kale. Core i5 isiyo na K, iliyokaa kwenye ubao wa daraja la H, B au Q, imefungwa. Kwa upande wa AMD, prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017 zina kizidishi kilicho wazi, isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D. Lakini ubao wa A320 au A520 hauruhusu, ilhali B350, B450, B550 na zile za X huruhusu.

Hapa ndipo wengi hukatiwa tamaa. Kompyuta za maofisini zilizotoka Ulaya au Marekani, zikiwa na majina ya kampuni kubwa kwenye kasha, karibu zote zina prosesa iliyofungwa na BIOS isiyo na ukurasa wowote wa kasi. Fundi anayedai malipo ili azipandishe kwa BIOS anauza asichokuwa nacho.

Mwenye mashine ya namna hiyo hajanyimwa kila kitu, na pengine ndiye mwenye faida kubwa zaidi. Prosesa inapofikia kikomo chake cha joto hujishusha kasi yenyewe ili isiungue. Kompyuta iliyokaa miaka mitano bila kufunguliwa, feni imevaa blanketi la vumbi, na krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozaji imekauka kama udongo, huenda inafanya kazi chini ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Kupuliza vumbi, kufuta krimu ya zamani kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya dengu ni kazi ya nusu saa. Na kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, kuiondoa na kuweka SSD kutabadilisha maisha ya mtumiaji kuliko kizidishi chochote.

Kupima kabla ya kugusa

Tuchukue mfano wa Ryzen 5 2600 juu ya ubao wa B450, mashine inayoweza kupatikana kwenye soko la mitumba na ambayo mlango wake uko wazi. Kabla ya kuingia BIOS mtumiaji anahitaji namba za kulinganisha. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha joto, volteji na kasi halisi ya kila kiini. Cinebench, nayo ya bure, humpa prosesa picha nzito ya kuchora na kutoa alama. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi: alama, joto la juu kabisa, na kasi ya viini vyote wakati wa kazi nzito. Ikiwa joto limekwisha kufika nyuzijoto 85 bila mabadiliko yoyote, safari iishie hapo mpaka kipoozaji kitafutiwe dawa. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzijoto 95, na kipoozaji kidogo kinachouzwa pamoja nayo hakina nafasi kubwa ya ziada.

Jambo jingine hupuuzwa mara nyingi: kunakili mafaili ya kazi kwenye diski ya nje. Kompyuta itaanguka wakati wa majaribio, hilo ni sehemu ya kazi, na kompyuta inayoanguka huku ikiandika kwenye diski yaweza kuharibu faili au mfumo mzima.

Kuingia BIOS hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha Delete au F2 mara kompyuta inapowaka. Kila kampuni ya ubao mama hupanga kurasa zake kivyake, lakini maneno ya kutafuta yanafanana: "CPU Ratio" au "CPU Core Ratio" ndicho kizidishi, na "CPU Core Voltage" au "Vcore" ndiyo volteji ya prosesa. Picha ya kila ukurasa ipigwe kwa simu kabla ya kubadilisha chochote. Kisha kumbukumbu iachwe kwenye mpangilio wake wa kawaida, ili kompyuta ikianguka ijulikane aliyekosea ni nani.

Hatua ya kwanza ni ya woga, na inapaswa kuwa hivyo: kizidishi 37, volteji 1.25. Hifadhi, toka, acha Windows iwake, endesha Cinebench, tazama joto. Ikisimama imara, rudi na uweke 38. Kisha 38.5, kwani Ryzen hukubali hatua za robo. Ikianguka, au ikijizima na kuwaka upya, volteji huongezwa kidogo sana, 0.0125 au 0.025, na jaribio hurudiwa. Kazi hii huchosha, lakini anayeruka kutoka 34 hadi 41 kwa mara moja hatajua ni wapi ardhi ilipokuwa laini.

Kompyuta ikikataa kabisa kuwaka, haijafa. Bao nyingi baada ya majaribio kadhaa ya kushindwa hurudi zenyewe kwenye mipangilio ya kiwanda. Zisiporudi, waya wa umeme huchomolewa, betri ndogo ya duara kwenye ubao huondolewa kwa dakika chache, au zile pini mbili zilizoelezwa kwenye kijitabu cha ubao hugusanishwa, na BIOS husahau kila kitu ilichoambiwa.

Kuna mtego mmoja katika mfano huu. Mtumiaji anapoweka kizidishi kwa mkono, ule utaratibu wa prosesa kujipandisha wenyewe huzimwa. Mwenye Ryzen 5 2600 akisimamisha viini vyote kwenye gigahezi 3.8 amepata kidogo katika kazi nzito na amepoteza katika kazi nyepesi, kwa sababu kiini kimoja kilikuwa kikifika 3.9 chenyewe. Ndiyo maana wengi hulenga 4.0, wasipoipata kwa volteji ya kiasi, huacha mipangilio ya kiwanda ibaki.

Bei ya volteji

Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme prosesa inafanya kazi kwa gigahezi 3.7 na volteji 1.2, kisha ikapandishwa hadi gigahezi 4.0 kwa volteji 1.3. Kasi imeongezeka kwa asilimia 8. Joto limeongezeka kwa takribani asilimia 27. Video iliyochukua saa moja kuandaliwa sasa itachukua kama dakika 55 na nusu, na kwa dakika hizo nne na nusu feni itapiga kelele, pawa saplai itabeba mzigo mzito zaidi, na bili ya umeme itaonyesha.

Kwa baadhi ya watu biashara hiyo ni halali. Kwa mwenye pawa saplai isiyo na jina, iliyokuja na kasha, si halali hata kidogo. Kifaa hicho kikishindwa kinaweza kuondoka na ubao mama pamoja na diski.

Volteji pia huzeesha. Umeme mwingi ukipita katika nyaya nyembamba mno za ndani ya prosesa huzichakaza taratibu, na prosesa iliyokuwa imara kwa volteji 1.3 huanza baada ya muda kudai 1.325. Katika kizazi hiki cha Ryzen, watumiaji wengi wenye uzoefu hawapendi kuvuka 1.35 kwa matumizi ya kila siku. Anayeanza huweza kushangaa kuona kwamba prosesa ikiwa kwenye mipangilio ya kiwanda huonyesha hata 1.4 kwa nyakati fulani. Ni kweli, lakini hiyo ni ya muda mfupi, kwa kiini kimoja chenye kazi nyepesi, na hushuka mara mzigo unapokuwa mzito. Kuweka 1.4 kwa mkono ni kuipa viini vyote sita, muda wote.

Kwamba jambo hili si hofu ya bure kumeonekana hata kwa kampuni zenyewe. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye herufi X3D ziliungua pamoja na soketi zake, na AMD ikaagiza BIOS mpya zinazozuia volteji ya sehemu iitwayo SoC isivuke 1.3. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volteji ya juu kuliko inavyostahili na kupoteza uimara wake. Sasisho lilitolewa mwezi Agosti mwaka huo na dhamana ikaongezwa miaka miwili, lakini sasisho halikuweza kuziponya zile zilizokwisha kuumia. Wengi wa walioathirika hawakuwa wamegusa chochote ndani ya BIOS. Mtu anayeongeza volteji kwa mkono anatembea ukingoni mwa shimo ambalo wahandisi wenyewe wamewahi kutumbukia, na hana dhamana: Intel na AMD zote huonya kuwa kuvuka viwango vyao huweza kuifuta.

Kosa lisilopiga kelele

Kompyuta inayozima ghafla ni mjumbe mwema. Imesema wazi kuwa imeshindwa. Tabu ni ile inayoendelea kuwaka huku ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni. Kosa hilo laweza kutua kwenye fremu ya video ikatokea doa la kijani, kwenye faili lililobanwa likakataa kufunguka wiki mbili baadaye, au kwenye jedwali la mahesabu ambalo hakuna atakayelikagua.

Ndiyo maana kuwaka kwa Windows na kumaliza mchezo mmoja si uthibitisho. Programu ya Prime95, iliyotungwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa mno, ina jaribio la mateso ambalo huipa prosesa mahesabu ambayo majibu yake yanajulikana tayari, kisha hulinganisha. Kiini kikikosea hata mara moja, programu husema na hukisimamisha. Jaribio hilo liendeshwe kwa saa kadhaa, huku jicho likiwa kwenye joto, na kwa mashine ya kazi usiku mzima si mwingi. Katika Windows, orodha ya matukio ya mfumo pia hurekodi makosa ya vifaa chini ya jina WHEA. Yakionekana humo baada ya kupandisha kasi, kizidishi kishushwe, hata kama kompyuta inaonekana nzima.

Baada ya prosesa kutulia ndipo kumbukumbu hufikiwa. Vijiti vingi vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 huanza kwa 2133 au 2400 mpaka mpangilio uitwao XMP uwashwe ndani ya BIOS, na wapo walioishi nao miaka bila kujua. Prosesa za Ryzen hufaidika sana hapo, kwa sababu njia inayounganisha sehemu zake za ndani hufuata mwendo wa kumbukumbu. Hata hivyo Ryzen 5 2600 imeidhinishwa rasmi hadi 2933 tu, kwa hiyo 3200 nayo ni kuvuka kiwango, na hupimwa kwa MemTest86 kabla ya kuaminiwa.

Umeme na hewa ya mahali

Mashauri mengi yanayosomwa kuhusu suala hili yameandikwa na watu wanaoishi kwenye vyumba vyenye nyuzijoto 20 na umeme usiokatika. Kusasisha BIOS, hatua ambayo mara nyingi hupendekezwa kabla ya kuanza, kunaweza kuua ubao mama endapo umeme utakatika katikati. Kazi hiyo ifanywe kompyuta ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima, na mipangilio yote ikiwa imerudishwa kwanza ya kiwandani kwa "Load Optimized Defaults". Ikiwa BIOS iliyopo haina tatizo, hakuna ubaya kuiacha ilivyo.

Joto la chumba huongezwa karibu nyuzi kwa nyuzi juu ya joto la prosesa. Kigali iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500. Bujumbura, kandokando ya Ziwa Tanganyika, haifiki mita 800. Mashine iliyopimwa Kigali asubuhi ya mvua ikaishia nyuzijoto 82 haina haki ya kudhaniwa imara ikihamishiwa Bujumbura, au Mombasa, kwenye chumba cha mabati chenye nyuzijoto 33 saa nane mchana. Prime95 itaendeshwa upya hapo hapo, saa hiyo hiyo ya joto, na ikiwa namba zimepita 90, kizidishi kitarudishwa kutoka 40 hadi 39 au 38, pamoja na volteji yake, kabla ya kazi ya mteja kuwekwa kwenye mashine hiyo.